Mlango wa Kadi na Lugha ya Nyaya Mbili

Wanachama wengi wametuuliza mintarafu ya mlango wa kadi unaokusudiwa kutiwa katika ghala letu la karafuu, na kwa nini Kamati haijatoa fedha mpaka sasa. Wengine wasema kadi hizi zimekwisha kuzoeleka mahotelini na maofisini, basi sisi twangoja nini? Swali ni la haki. Twaona ni bora kuieleza kazi yenyewe jinsi ilivyo, ili mwanachama atakapoinua mkono mkutanoni awe anajua anachokikubali.

Kadi hizi hazina betri. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa kandokando, na chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Kisomaji kilichotiwa ukutani hutoa mawimbi ya megahetsi 13.56. Kadi ikisogezwa karibu, sentimita chache tu, mawimbi yale huzaa umeme katika ule waya, chipu ikaamka, ikataja namba yake. Haina haja ya kugusana na kitu.

Hapo hapana taabu kubwa. Taabu iko nyuma ya kisomaji, pale kinapotaka kulipasha khabari sanduku linaloamrisha kufuli. Sanduku tulilo nalo ni la zamani, nalo lajua itifaki moja tu, yaani makubaliano ya namna ya kuzungumza, iitwayo Wiegand. Kisomaji kipya cha leo sharti kizungumze na mzee huyu kwa lugha yake.

Jina hilo ni la John R. Wiegand, ambaye ugunduzi wake ulitumika tangu miaka ya 1970. Kadi za wakati huo zilikuwa na vipande vya waya vilivyosokotwa kwa namna maalumu, vimepangwa mistari miwili. Kadi ikipitishwa penye sumaku, kila kipande kilitoa mshtuko mmoja wa umeme. Mstari mmoja ulihesabiwa sifuri na wa pili ukahesabiwa moja. Kadi zile zimekaribia kutoweka duniani. Mwenye nyumba kahama, jina limebaki mlangoni: mpaka leo visomaji vingi hutoa nyaya mbili, D0 ya sifuri na D1 ya moja.

Nyaya zote mbili hukaa na umeme wa volti 5. Kisomaji kikitaka kusema sifuri hukata umeme wa D0 kwa muda mdogo mno, kiasi cha sehemu 50 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kikitaka kusema moja hukata wa D1. Husema biti 26 hivi, moja baada ya moja, kisha hunyamaza, na kwa ule ukimya sanduku hujua kuwa maneno yamekwisha. Kazi yote haifiki sehemu ya kumi ya sekunde.

Tutoe mfano. Tuseme kundi letu limepewa namba 7, na kadi ya mwanachama ni 2500. Kisomaji kitapeleka hivi: 1 00000111 0000100111000100 0. Zile 8 baada ya biti ya kwanza ndizo kundi, na 16 zifuatazo ndizo kadi. Biti ya kwanza na ya mwisho si namba, bali ni mashahidi. Shahidi wa kwanza hutazama biti 12 zilizo karibu naye, na kwa pamoja idadi ya moja sharti iwe shufwa. Hapa zimo tatu, basi naye husema moja zikawa nne. Shahidi wa mwisho hutaka witiri. Katika 12 zake zimo tano, basi husema sifuri. Ni ushahidi dhaifu. Zikikosewa biti mbili katika nusu moja, shahidi haoni kitu, kama karani aliyehesabu gunia moja mara mbili na jingine akaliruka, jumla ikatoka sawa.

Sasa tuangalie pale penye hatari. Kadi nyingi za leo zina namba ya biti 32, na nyingine 56. Nafasi katika waya ni 24 tu. Kisomaji hufanyaje? Hukata. Namba za kadi huandikwa kwa alama za 0 mpaka 9 na A mpaka F. Basi kadi A14F079C na kadi 3B4F079C ni kadi mbili mbalimbali, lakini kisomaji kikitupa alama mbili za mwanzo, zote mbili hufika sandukuni zikiwa 4F079C. Kila namba inayofika mlangoni inaweza kuwa ya kadi 256. Lililo baya zaidi, yako masanduku yanayopuuza kundi na kushika zile biti 16 za mwisho peke yake, ambazo ni namba 65,536 tu. Tumekaa na kalamu tukapiga hesabu: tukigawa kadi 400 zenye namba zilizotawanyika ovyo, kwa biti 24 uwezekano wa wawili kugongana ni kama mmoja katika mia mbili, kwa biti 16 ni saba katika kumi!

Na jambo hili halihusu mlango kufunguka tu. Sanduku huandika daftari la nani kaingia saa ngapi. Siku ghala litakapopungua magunia, daftari litataja jina, na mwenye jina hilo huenda usiku ule alikuwa kalala kwake. Heshima ya mtu katika kijiji haipimwi kwa mizani ya karafuu. Kwa hivyo sisi twashauri iandikwe katika kanuni zetu kwamba daftari la mlango peke yake halitoshi kumtuhumu mwanachama.

Tena lugha hii haina siri wala jibu. Namba hupita katika waya wazi, na sanduku halina njia ya kukiuliza kisomaji kama kweli ndicho kinachosema. Mwaka 2007, katika mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas, Zac Franken alionyesha kijidude kidogo kinachofungwa katika nyaya hizi nyuma ya kisomaji, kikasikiliza namba na baadaye kikaitamka tena. Basi muuzaji akikwambia kadi yake ni ya namna mpya isiyonakilika, mwulize: kisomaji husoma siri iliyo ndani ya kadi, au namba ya nje tu? Ikiwa ni ya nje tu, fedha ya ziada umeitupa. Na hata ikisomwa siri, ikishafika wayani imekuwa namba tupu.

Dawa ipo. Itifaki mpya iitwayo OSDP, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2020, huzungumza pande mbili na inaweza kufunga maneno kwa ufunguo wa biti 128. Lakini yataka sanduku jipya, na fedha ya sanduku mwaka huu hatuna. Rai yetu ni kununua kisomaji kinachojua lugha zote mbili, na kuvuta tangu sasa waya wa jozi zilizosokotwa utakaofaa kwa lugha ya pili, tusije tukachimba ukuta mara mbili. Kwa sasa kitumie Wiegand ya biti 34, inayobeba 32 kamili, na kadi tuchague za biti 32. Sanduku letu lijaribiwe kwanza kama laikubali. Muuzaji asilipwe kabla ya jaribio hilo.

Fundi naye aangaliwe. Ardhi ya umeme ya kisomaji na ya sanduku sharti ziunganishwe, la sivyo namba huja zikiruka. Waya usipite mita 150. Kisomaji kisibandikwe juu ya bati wala mlango wa chuma, maana chuma hunywa mawimbi; kiwekwe kando, juu ya ubao au ukuta wa mawe, na maungio yapakwe kitu cha kuzuia hewa ya chumvi. Sanduku liwe ndani ya ghala, si nje. Wala ule ufunguo wa chuma usitupwe, kwani umeme wetu mwaujua.

Kadi zitakapofika, kila mwanachama aje mwenyewe, na kadi yake iandikishwe kwa kisomaji kile kile cha mlangoni. Visomaji vya mezani vingine huisoma namba kinyumenyume, mwisho ukawa mwanzo, na kadi iliyoandikishwa huko hugomewa na mlango. Siku ya kuandikisha itatangazwa baada ya mchumo, watu watakapokuwa wamekwisha kuanika.