Mtoto Haishi kwa Uji Peke Yake

Mara nyingi twasikia wazazi wakisema: "Mtoto mchanga hajui kitu, akishiba na kulala, yatosha. Akili zitakuja atakapokwenda shule." Maneno haya husemwa kwa nia njema, lakini si ya kweli, na hasara yake huonekana baada ya miaka mingi, wakati ambapo mzazi hakumbuki tena chanzo chake.

Umaskini hauumizi tumbo la mtoto tu, huumiza na moyo wake. Penye njaa na madeni, mama huchoka, baba hukasirika upesi, na mtoto huishi katika hofu. Hofu ya mara moja hupita: mwili hutoa homoni za kumsaidia mtu kukabili hatari, nazo hupungua hatari ikiisha. Lakini hofu isiyokwisha, kwa mtoto asiye na mtu wa kumtuliza, yaweza kuudhuru ubongo wake ungali unajengwa. Ndiyo maana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na maradhi ya wasiwasi, huonekana zaidi kwa watu wazima waliokulia katika dhiki kubwa. Huko si kulogwa, wala si upungufu wa imani.

Je, maskini ahesabu basi kwamba mwanawe amekwisha kupotea? La hasha! Tutazame jambo lililofanyika Jamaika, kisiwa cha bahari ya Karibi. Katika miaka ya 1986 na 1987, wataalamu wakiongozwa na Bibi Sally Grantham-McGregor walichagua watoto 129 wa mitaa maskini ya Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wote wamedumaa. Waliwagawa katika mafungu manne. Fungu moja lilipewa maziwa ya unga, kilo moja kila juma. Fungu la pili lilitembelewa nyumbani kila juma na mhudumu wa afya, kwa muda wa saa moja hivi. La tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata hata moja. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili.

Mhudumu yule alifanya nini? Hakuleta dawa wala fedha. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe, kuzungumza naye, kumtajia majina ya vitu, na kumsifu anapojaribu. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani.

Watoto wale walipofikia miaka 17 na 18 walipimwa tena. Wale waliotembelewa walikuwa na wasiwasi na huzuni pungufu kuliko wenzao, tena walijithamini zaidi. Walipofikia miaka 22, mapato yao yaliyazidi ya wenzao kwa asilimia 25 hivi. Maziwa yaliwafaa wakiwa wadogo, bali katika vipimo hivi vya ujanani faida yake haikuonekana tena.

Twajifunza nini? Kwanza, chakula ni haki ya mtoto, wala asitokee mtu wa kukipunguza kwa kisingizio cha habari hii. Lakini uji bila uso wa mama na sauti ya baba hautoshi kumlea mtu.

Pili, maskini anacho cha kumpa mwanawe. Yosefu na Maria walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ya maskini. Na katika nyumba hiyo ndimo alimokua Mkombozi.

Tatu, mama wa Kingston hakuachwa peke yake. Hapa ndipo tunapohukumiwa sisi. Ni rahisi kumhubiria malezi bora mama anayekaanga maandazi tangu alfajiri. Kumwendea na kumpokea mtoto apate kupumua, hiyo ndiyo kazi. Hata sisi mapadre tumewabatiza wengi, kisha hatukubisha hodi nyumbani kwao mpaka walipofikia umri wa katekisimu. Miaka iliyokuwa na thamani kuliko yote ilikwisha kupita.

Basi, juma hili kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: ni nyumba ipi kati yetu yenye mtoto mchanga na dhiki? Nani ataiendea, na siku gani?