Damu ya Mgonjwa wa Kansa ya Damu

Mama, ukijikata kisu unapoparua mikeke, damu inatoka, kisha inaganda. Ndani ya damu mna vijipande vidogo sana vinavyoziba kidonda. Vinatengenezwa katika uboho, yale mafuta ya ndani ya mfupa. Kansa ya damu inaharibu uboho, na dawa za kuitibu nazo zinapunguza vijipande hivyo kwa siku nyingi. Basi mtu mkubwa aliyerudi kwake Kalundu ao Kavimvira katikati ya matibabu anaweza kuvuja damu kwa jambo dogo: mswaki mgumu, mwiba wa samaki.

Lakini kuna dawa moja, asparaginazi, inayotolewa kwa aina fulani ya kansa hii. Hiyo inapunguza pia vile vitu vinavyozuia damu isigande ovyo. Ndiyo maana mgonjwa yule yule leo anatoka damu puani, kesho damu inagandia mguuni ao kichwani. Watu watasema amelogwa. Hapana, ni damu.

Akiumwa kichwa, usimpe aspirini ya sokoni wala ibuprofeni. Zinazuia vijipande kufanya kazi. Asichanjwe chale. Asipigwe sindano ya matako kwa jirani, damu itajaa ndani ya nyama. Mguu uliovimba usiukande: donge la damu laweza kung'oka, likapanda mpaka mapafuni.

Mlete upesi, hata usiku, ukiona madoadoa mekundu ngozini, ufizi unaotoka damu bila kukoma, choo cheusi, mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kinamchoma akivuta pumzi, ao kichwa kinamuuma kuliko siku zote. Homa pia usiingojee asubuhi. Beba karatasi ya dawa zake, munganga aone sindano ya mwisho alipigwa siku gani.