Mawese ya Nyumbani na Mafuta ya Ng'ambo

Katika vijiji vya Maniema, vya Fizi na vya kando ya mto Kongo, mchikichi ni mali ya ukoo. Baba hupanda kwa mkanda na kukata mikungu. Mama na watoto hupukuchua chikichi, huzichemsha, huzitwanga kinuni, kisha huzikamua mpaka mawese mekundu yatoke. Kazi hiyo ni ya siku nzima na zaidi. Lakini siku ya soko, kando ya mawese hayo husimama chupa za mafuta meupe ya ng'ambo, na pengine bei yake ni ndogo.

Wengi hudhani ya kwamba mafuta hayo ni kitu kigeni kabisa. Sivyo. Mengi hutoka Indonesia na Malaysia, nayo hukamuliwa katika chikichi. Mchikichi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche 4 tu ilipandwa katika bustani ya Buitenzorg, kisiwani Java, na wazao wake wakaenea Asia. Tena katika Yangambi, si mbali na Kisangani, mwaka 1941 wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walionyesha jambo kubwa: mchikichi wenye kokwa ya ganda nene ukioanishwa na ule usio na ganda, huzaliwa mti wa ganda jembamba, wenye nyama nyingi na mafuta mengi. Mti wa namna hiyo, uitwao tenera, ndio unaojaza mashamba makubwa ya Asia leo. Basi elimu iliyopatikana Kongo inarudi Kongo ndani ya chupa, na Wakongo wanailipia.

Kabla ya 1960 Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizouza mawese mengi kuliko zote duniani. (Wala miaka ile isisifiwe ovyo: huko Kwilu watu walilazimishwa kukata chikichi, na mwaka 1931 Wapende waliasi.) Yakafuata maasi ya 1964, mwaka 1973 serikali ilitwaa mashamba mengi ya wageni na kuyagawia watu wasioijua kazi hiyo, miti ikazeeka, barabara zikaharibika. Pipa likikwama matopeni majuma mawili, gharama ya safari humwangukia mnunuzi.

Je, Mkristu atenda dhambi akinunua mafuta ya ng'ambo? La. Mama mwenye fedha kidogo na watoto wengi asilaumiwe na mtu. Lakini mwenye kuweza kuchagua na afikiri: fedha apewayo mkamuaji wa kijiji hununua daftari, dawa na jembe papo hapo. Mwili nao hufaidika, kwa maana wekundu wa mawese hulinda macho ya watoto. Kiwanda kikiondoa rangi, faida hiyo huondoka pamoja nayo. Mpishi anayeyaunguza mawese mpaka yawe meupe hupata hasara ileile.

Mwuzaji naye ana deni. Anayetia maji katika mawese, au kupunguza kipimo, avunja amri ya saba, hata kama mali ni ya nyumbani. Yeye ndiye amfukuzaye jirani yake aende kwenye chupa. Chikichi zisilazwe siku nyingi baada ya kukatwa, kwa maana mafuta yake huchacha. Zichemshwe upesi, mawese yachujwe vema, na chombo kikaushwe kabisa kabla ya kujazwa.