Aina Tatu za Mng'ao: Tatizo la Istilahi katika Ufinyanzi wa Kisasa

Utangulizi

Kusini kidogo mwa Kikambala, ufuoni, yapo mahame ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne iliyofuata. Hapo, kama ilivyo Gede karibu na Malindi, wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani, pamoja na vigae vya vyombo vilivyoletwa kwa jahazi kutoka nchi za Kiislamu na Uchina. Baadhi ya vigae hivyo vya kigeni vingali vinang'aa. Kung'aa kwa namna gani? Makala haya yanadai kwamba kitenzi "kung'aa" pekee hakitoshi, kwa kuwa mng'ao wa chombo cha udongo una asili tatu, na kila asili yastahili jina lake.

Mng'ao wa kukwatua

Mfano bora ni kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akahamia Uingereza mwaka 1971, na kuhitimu shahada ya uzamili katika Royal College of Art mwaka 1982. Odundo huinua kuta za chombo kwa mikono, bila gurudumu. Kisha hukisugua hadi kilainike kabisa, hukipaka udongo mwororo ulioyeyushwa majini, na kukisugua tena. Kikichomwa katika moto wenye hewa ya kutosha, hutoka chekundu. Kikichomwa tena katika moto ulionyimwa hewa, moshi hukigeuza kuwa cheusi. Mtazamaji asiyejua huenda akadhani kimepakwa kitu cha kung'arisha, ilhali kinachong'aa ni udongo wenyewe. Kiswahili tayari kina kitenzi "kukwatua", kilichozoeleka kwa vyombo vya shaba. Hakuna haja ya kukopa.

Mng'ao wa kioo

Aina ya pili hutokana na unga wa mawe na madini uliochanganywa na maji, ukapakwa juu ya chombo. Ndani ya joko, unga huo huyeyuka na kuwa tabaka la kioo linalozuia maji yasipenye. Lugha yetu husema "maji ya dhahabu" kwa dhahabu nyembamba inayofunika chombo cha madini mengine. Kwa mfano huo, napendekeza "maji ya kioo". Tukumbuke pia neno "kauri", ambalo ni jina la simbi wa baharini na vilevile la vyombo vya Kichina. Waitaliano nao waliita vyombo hivyo kwa jina la simbi huyo huyo. Lugha mbili ziliongozwa na jicho moja.

Mng'ao wa madini

Aina ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Wafinyanzi wa Iraki waliitumia katika karne ya 9. Chombo kilichokwisha kutiwa maji ya kioo na kuchomwa huchorwa kwa mchanganyiko wenye fedha na shaba, kisha huchomwa tena kwa joto la chini zaidi, katika moto wa moshi ulionyimwa hewa. Masalio yakifutwa, hubaki utando mwembamba wa madini unaobadilika rangi kadiri chombo kinavyogeuzwa kwenye mwanga. Mng'ao huu haukai mahali pamoja, hucheza. Kitenzi kinachoufaa ni "kumeta", na nomino yake ni "mmeto".

Hitimisho

Yadhihirika kwamba moto ulionyimwa hewa humpa Odundo weusi, nao humpa mfinyanzi wa mmeto rangi za dhahabu. Mbinu ni jamaa, matokeo mbalimbali. Mwanafunzi anayeandika maelezo ya makumbusho au kufasiri kitabu cha sanaa, akiyaita yote "chungu kinachong'aa", atakuwa amefuta tofauti hiyo, na kumnyima mfinyanzi nusu ya kazi yake. Istilahi hazikosekani kwa sababu lugha ni maskini. Hukosekana tusipokwenda kuzitafuta kwa mafundi.

Zoezi

1. Tofautisha vitenzi kung'aa, kumeta na kunawiri kwa kutunga sentensi.
2. Mtembelee mfinyanzi wa eneo lako. Orodhesha majina anayoyatumia kwa udongo, zana na hatua za uchomaji, kisha uyalinganishe na kamusi.
3. Je, "maji ya kioo" ni istilahi faafu? Jadili.