SOMO: KUNYOOSHA MENO YA MTU MZIMA KWA VIFUNIKO VYA PLASTIKI

Meno si misumari iliyopigwa katika ubao. Kila jino linakaa ndani ya mfupa ulio hai, na mfupa huo unaweza kupungua upande mmoja na kujengwa upande mwingine. Jino likisukumwa pole pole, siku kwa siku, mfupa ulio mbele yake unayeyuka kidogo, na nyuma yake mfupa mpya unajengwa. Kwa hiyo jino linaweza kuhama hata mtu akiwa na miaka 50. Ndiyo njia ya waya za meno tangu zamani. Ndiyo njia vilevile ya vile vifuniko vyeupe kama kioo, ambavyo watu wanaviona katika simu zao na kutuulizia.

Vifuniko hivyo, ambavyo kwa Kifaransa huitwa gutiere, vinatengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mtu mmoja tu. Mtu hapewi kimoja, anapewa vingi vyenye hesabu. Anavaa cha kwanza juma moja au mawili, kisha anavaa cha pili, na kuendelea hivyo. Kila kimoja kinasogeza jino karibu robo ya milimita. Hesabu mwenyewe: jino lenye kuhitaji milimita tatu litataka vifuniko kumi na viwili au zaidi. Hii ni kazi ya miezi, na mara nyingine inapita mwaka.

Mbele ya yote, angalia ufizi

Ndugu, kama meno yako ya mbele yalikuwa yamenyooka ulipokuwa kijana, na sasa, ukiwa na miaka 35 au 40, yameanza kuachana na kutoka nje, usianze kwa kutafuta vifuniko. Mara nyingi hiyo ni alama ya ugonjwa wa ufizi. Ufizi unatoa damu wakati wa kupiga mswaki, kinywa kinanuka, na chini yake mfupa unaliwa bila maumivu makubwa. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari anashikwa upesi kuliko wengine. Ukisukuma jino lililo katika mfupa unaooza, unalisaidia kung'oka. Kwanza ukoga mgumu uondolewe, ufizi upone, na picha ya mifupa ipigwe. Baadaye mganga wa meno atasema kama kunyoosha kunawezekana.

Sababu nyingine tunayoiona ni jino la nyuma lililong'olewa na mahali pake kuachwa wazi. Jino la jirani linalala upande huo, na la juu linashuka. Huyo naye ana jambo la kutengeneza, si la urembo tu.

Lakini mwanya wa mbele, ambao mtu alikuwa nao tangu utoto, si ugonjwa. Kwetu watu wengi wanauhesabu kuwa uzuri. Kama unatafuna bukari yako vema na ufizi ni mzima, una ruhusa kabisa ya kubaki na mwanya wako na feza yako. Wala msifunge mpira au uzi katika meno mawili ili kuuziba, kama wengine wanavyoonyesha katika simu. Mpira unapanda kando ya mzizi, unaingia ndani ya ufizi mahali usipoonekana, na meno mawili mazima yanapotea.

Kuna majina mengi

Jina linalojulikana kuliko yote ni Invisalign, ya kampuni Align Technology iliyoanza Marekani mwaka 1997. Zipo nyingine: ClearCorrect, ambayo tangu 2017 ni ya kampuni Straumann ya Uswisi, Spark, ya kampuni Ormco, na nyingine nyingi. Plastiki zao si sawasawa kabisa. Moja ni laini zaidi, nyingine inakatwa juu ya ufizi kwa namna yake. Waganga wanabishana juu ya hayo, na waendelee kubishana. Kwa mgonjwa tofauti iliyo kubwa ni nyingine: je, kuna mganga anayemtazama kinywani, au hakuna?

Sikilizeni habari hii. Mwaka 2014 ilianza Marekani kampuni iitwayo SmileDirectClub. Mtu alipimwa dukani, au alijipima mwenyewe nyumbani kwa kuuma udongo laini, na vifuniko vikaletwa kwa posta, kwa bei ndogo kuliko ya waganga. Wengi walifurahi. Katika Septemba 2023 kampuni ikatangaza kwamba imeshindwa kulipa madeni yake, na Desemba mwaka uleule ikafunga milango. Watu waliokuwa katikati ya kazi, meno yao yamehama nusu ya njia, hawakuwa na mtu wa kuwamalizia. Na wale waliokuwa wakilipa kidogo kidogo waliambiwa waendelee kulipa! Kitabu cha Mithali, sura ya 25, kinamfananisha mtu asiyeaminika wakati wa taabu na jino bovu. Hao waliyapata yote mawili.

Sisi wa Lubumbashi tusiseme mambo hayo ni ya Marekani tu. Mtu akipita Kasumbalesa kutafuta mganga Zambia, au akienda hata Afrika ya Kusini, akarudi na sanduku la vifuniko, ni nani atakayemtazama mwezi wa tatu, kifuniko kikikataa kuingia? Afadhali jina dogo lenye mganga wa karibu kuliko jina kubwa lenye mganga wa mbali. Na kama mganga wa karibu anajua waya tu, usimdharau. Jino la mviringo lililogeuka sana, au nafasi kubwa ya jino lililong'olewa, mara nyingi waya inalishinda kwa urahisi kuliko plastiki.

Kazi iliyo yako

Vifuniko vinavaliwa saa 20 mpaka 22 kwa siku. Vinatolewa wakati wa kula, na wakati wa kunywa kitu chochote kisicho maji baridi. Chai inavipinda. Munkoyo na soda zinaingia chini yake, na sukari inakaa juu ya jino mchana kutwa, mate yasiweze kuiosha. Ukiisha kula piga mswaki, kisha virudishe. Mtu anayependa kuonja-onja tangu asubuhi hata jioni hataweza kazi hii, na ni heri ajijue mbele ya kulipa.

Viosheni kwa mswaki na maji yaliyochemshwa, sababu ya kipindupindu. Lakini acheni maji yapoe kwanza, kwa maana maji ya moto yanaharibu umbo la plastiki. Mviweke katika kisanduku, si katika karatasi juu ya meza, maana mama wa nyumba atafagia na kutupa.

Meno yakiisha kunyooka, yanataka kurudi. Kwa hiyo kuna kifuniko cha mwisho cha kuyashika, nacho huvaliwa usiku miaka na miaka. Wachuuzi wengi hawakitaji.

Maulizo ya kumwuliza mganga wa meno mbele ya kutoa feza

1. Je, umetazama ufizi wangu na picha ya mifupa?
2. Kwa meno yangu mimi, waya au plastiki?
3. Utanitazama kila baada ya majuma mangapi, na hapa hapa mjini?
4. Meno yakikataa kufuata, vifuniko vya nyongeza vimo ndani ya bei hii?
5. Na kile cha usiku, kikivunjika, nitapata wapi kingine?