Uzamili Ugenini: Mwongozo kwa Wanaokuja Kusoma Meru na Embu

Anayetoka Juba, Goma au Mwanza kuja kusomea shahada ya uzamili Meru au Embu hukuta jambo ambalo barua ya kudahiliwa haikumdokezea: wenzake wengi wa darasani hawakai chuoni. Ni walimu, wauguzi, maafisa wa kaunti. Huja jioni, wikendi au shule zinapofungwa, na kipindi kikiisha wanarudi kwa familia zao. Mgeni ndiye anayebaki. Upweke huo humvunja mtu moyo kuliko ugumu wa masomo, na ninaamini unazuilika ukijiandaa mapema.

Vyuo vyenyewe ni vichanga. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, KeMU, kilichoko Kaaga mjini Meru, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru kwenye barabara ya kwenda Maua, kiliipata 2013. Cha Embu kilifuata 2016, baada ya kulelewa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Uchanga huo una faida yake: katika idara ndogo, profesa hachelewi kukujua kwa jina.

Karatasi zishughulikie kwanza. Pasi ya mwanafunzi huombwa kwa Idara ya Uhamiaji kupitia mtandao, ukiwa na barua ya chuo, kwa hiyo anzia ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Usisubiri siku ulizopewa ulipoingia nchini ziishe. Pasi hiyo si ruhusa ya kuajiriwa. Atakayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa pia kujiandikisha kama raia wa kigeni. Kuhusu matibabu, sheria ya mwaka 2023 inamtaka mgeni atakayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 ajisajili na SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, Oktoba 2024. Laini ya simu utasajiliwa kwa pasipoti. Ifuatishe na M-Pesa mara moja, kwa kuwa kodi ya nyumba, nauli na hata mboga za sokoni hulipwa kwa simu. Beba sweta pia. Julai ya Meru ina baridi ya kweli.

Sasa turudi kwenye upweke. Kosa la kawaida ni kungoja wanauzamili wenzako wakuundie maisha ya chuo. Hawawezi, wana majukumu yao. Nenda waliko wanaoishi hapo, yaani wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kuna vilabu vya mazingira na ubunifu, timu za michezo, kwaya, jumuiya za Wakristo na za Waislamu. Usione haya ya umri. Mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa anahitajika sana pale, kwa sababu vijana wanatafuta wa kuwasomea barua ya kuomba kazi na kuwaeleza mradi huandikwaje.

Upo pia uongozi. Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2016 yaliweka utaratibu wa wanafunzi kuchagua wajumbe kwa idara au kitivo, na wajumbe hao kuchagua viongozi wa chama cha wanafunzi. Kwa mgeni utaratibu huo ni mlango, kwani sauti huanzia karibu, mahali anapofahamika. Soma katiba ya chama cha chuo chako uone wanauzamili wamepewa nafasi gani, kisha mtafute mjumbe wa idara au kitivo chako umweleze shida za wanaotoka nje: tarehe za karo zisizolingana na utumaji wa fedha kutoka kwenu, au maktaba inayofungwa mapema wakati wa likizo.

Ndani ya idara, hudhuria semina zote, hata zisizohusu mada yako. Omba kumsaidia msimamizi wako maabara au shambani. Huko ndiko urafiki wa kudumu unakoanzia.

Kisha inakuja kazi ya utafiti, na hapa ndipo kujulikana kunapolipa. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayoombwa mtandaoni. Ukishaipata, ripoti kwa kamishna wa kaunti na kwa ofisi ya sekta unayochunguza, kisha kwa chifu wa eneo. Usiruke hatua ya chifu. Mkulima wa miraa Igembe au wa kahawa Embu ana haki ya kumshuku mtu asiyemjua anayemuuliza mapato yake. Nenda na mwenyeji, ikiwezekana mwanafunzi wa klabu yako aliyezaliwa huko. Kiswahili kitakufikisha mbali, ila mzee wa Meru ukimwamkia kwa "muga" atakusikiliza kwa moyo mwingine. Chai ukikaribishwa, kaa unywe kabla ya kutoa dodoso.

NACOSTI hutaka nakala ya ripoti yako ya mwisho. Waliokujibu maswali nao wanastahili yao: andika kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili chepesi, umpe chifu, kisha omba nafasi ya kuzungumza katika baraza lake kabla hujafunga virago.