Sefti ya bastola ndogo: inazuia nini, na haizuii nini

Kuna bastola zinazoenea kwenye kiganja. Mojawapo ni Browning ya mwaka 1906, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kutengenezwa na kiwanda cha FN kule Herstal, Ubelgiji. Urefu wake ni kama sentimita 11, risasi zake ni za milimita 6.35, na magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, hubeba 6. Kwa udogo wake watu huidharau. Huiweka kwenye droo ya meza, kwenye mkoba, juu ya kabati, wakisema, "Hiyo ina sefti, haina neno." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Sefti ni nini hasa? Ni kijiti kidogo cha chuma, upana wake haufiki hata ukucha wa kidole gumba, kilichoko ubavuni mwa bastola. Ili uelewe kazi yake, fikiria mtego wa panya. Ukiikoki Browning ile, yaani ukivuta sehemu ya juu nyuma na kuiachia, mambo mawili hutokea: risasi moja hupanda na kuingia kwenye chemba, kile chumba kilicho nyuma ya mtutu, na springi hubanwa nyuma ya pini itakayoigonga. Pini hiyo hushikiliwa na kijino kidogo cha chuma. Kifyatulio kikivutwa, kijino huachia, pini huruka, risasi hulipuka. Sefti hukifunga hicho kijino kisisogee. Haiondoi risasi na hailegezi springi. Mtego umebaki umetegwa, ila kuna kidole kimeubana.

Unaifungaje? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu bastola hazifanani. Kwenye Browning ile, kijiti kiko kwenye mwili wa bastola, upande wa kushoto nyuma: ukikipandisha, umefunga, ukikishusha, umefungua. Kwenye Walther PPK, bastola ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1931, kijiti kiko kwenye sehemu ya juu inayorudi nyuma, na mambo ni kinyume: ukikishusha umefunga, ukikipandisha umefungua na nukta nyekundu hutokeza. Tena PPK ukiifunga ikiwa imekokiwa, nyundo yake, yaani kipande cha chuma kinachoigonga pini, hushuka kwa kishindo. Imeundwa hivyo, lakini usifanye hivyo mtutu ukiwa umeelekea mtu. Ziko pia ambazo hazina sefti ya kidole kabisa. Ruger LCP, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2008, ni mojawapo. Wabunifu wake walitegemea kifyatulio kinachovutwa mwendo mrefu. Hata zile Browning za 1906 za mwanzo hazikuwa nayo, iliongezwa baadaye. Kwa hiyo anayekwambia "sefti ikiwa juu ni salama" amekueleza bastola yake yeye.

Browning hiyo ya baadaye ina vizuizi vitatu. Cha kwanza ni kijiti tulichokieleza. Cha pili ni kibao nyuma ya mpini, ambacho lazima kibanwe na kiganja ndipo ifyatuke. Cha tatu huizuia isifyatuke magazini ikiwa imetolewa. Hicho cha tatu nakuomba usikitegemee hata siku moja, kwa maana bastola nyingi hazinacho. Mtu huzoea moja iliyo nacho, akashika nyingine, akatoa magazini, akaamini imeisha risasi, kumbe ile ya kwenye chemba bado imelala humo.

Utajuaje kwamba haina kitu? Haigharimu hata shilingi. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu, na kumbuka ukuta wa mabati au wa matofali membamba huenda usiizuie risasi. Kidole kikae nje kabisa ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Mpangilio huu ni muhimu: ukivuta sehemu ya juu magazini ikiwa ndani, risasi moja itaruka nje na nyingine itapanda mahali pake. Baada ya hapo vuta sehemu ya juu nyuma na uishikilie hapo. Kwenye Browning haitavutika sefti ikiwa imefungwa, kwa sababu kijiti huingia kwenye pengo lake na kuikaza, hivyo itabidi uifungue kwanza. Ni dakika hiyo ndiyo inayotaka utulivu kuliko zote. Tazama chembani kwa tochi. Tundu ni dogo, usikisie.

Sefti nayo huchakaa. Vumbi la mfukoni na mafuta yaliyoganda huifanya isifike mwisho, na ikilegea hujifungua yenyewe ikisuguana na nguo. Kijiti kisiposimama imara mahali pake, bastola ipelekwe kwa fundi wa silaha mwenye kibali, na bei muulize kabla hajaifungua. Usiichokonoe mwenyewe kwa bisibisi.

Swali la mwisho huulizwa na wajane na watoto: marehemu ameacha bastola kabatini, tufanyeje? Kenya umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili leseni ni ya mtu aliyepewa, hairithiwi pamoja na nguo zake. Kwa hiyo usiiguse kujaribu sefti, wala usiitie kwenye mkoba ukapanda nayo daladala au matatu. Funga chumba, watoto wakae mbali, piga simu kituo cha polisi kilicho karibu, eleza ilipo, na uwasubiri waje kuichukua.